Chanuo la Mfupa wa Nyangumi

Sogeeni, na aliye karibu na dirisha alifunge vizuri, maana jambo hili liliingia kwa sauti ndogo tu.

Merran Isbister, mjane wa ufukweni kule kisiwani Sanday, alikuwa akinywa chai akasikia mtu anachana nywele. Kwaru. Kwaru. Nywele ndefu, zilizolowa. Ndani hamkuwa na mtu ila paka, naye paka kasimamisha manyoya, anautazama mto wa kochi.

Mto huo alishonewa na shoga yake Osla. "Upokee kwa mikono miwili, mpenzi, useme asante." Akapokea, akasema.

Wawili hao ndio walioongoza kikundi cha kujitolea kulinda makaburi ya kale yanayoliwa na bahari. Kila baada ya tufani walipiga picha kilichofunuliwa, wakaziba kwa magunia ya mchanga. Sharti lao moja: hakuna kutia kitu mfukoni. Juzijuzi lilifunuka kaburi la mwanamke, na Osla akawa anahimiza tu, "Ziba, Merran, ziba haraka!"

Kiza cha majira ya baridi kikaingia alasiri, kama kawaida ya kule kaskazini, na ile sauti ikatoka kochini ikaja nyuma ya kiti, na harufu ya mwani uliooza ikamjaa puani, na matone yakamdondokea shingoni, na kitu chenye meno kikamgusa utosini kikashuka mpaka kisogoni, kwa upole, kama mama anavyomchana mtoto, ila kila kiliposhuka kilishuka na nywele zake.

Akaupasua mto. Ndani mlikuwa na chanuo la mfupa wa nyangumi, limejaa mvi zake mwenyewe.

Akapiga simu. "Osla, umenipa nini?"

"Nong'ona, anasikia! Nililitoa kaburini, naye hakuniacha mpaka mwingine alipolipokea. Na wewe mpe mtu. Mpe mke wa mchungaji, si humpendi?"

"Miaka yote hii, Osla. Mimi?"

"Mimi nina wajukuu, Merran. Wewe una nani?"

Merran hakumpa mtu. Alichukua tochi akashuka ufukweni, akayavuta magunia aliyoyajaza kwa mikono yake, akaliweka chanuo kando ya fuvu. "Nisamehe, mama. Mlango nilikufungia mimi." Ile sauti ikakoma. Lakini maji yalikuwa yamejaa, yakamfukuza kabla hajaziba, na kulipopambazuka bahari ilikuwa imelichukua kaburi lote.

Jumapili, ukumbini, Osla akasimama mbele ya kikundi kizima.

"Ni yeye aliyetoa magunia! Tulimwamini, jamani!"

Watu aliowapikia mikate ya shayiri maisha yake yote wakamgeuzia uso. Merran akaishika skafu iliyoficha upara wake, akafungua kinywa ajitetee.

Akakifunga. Utosini mwa Osla mstari ulikuwa unajichora wenyewe, taratibu, nywele zikienda huku na huku, na tone la maji likamshuka shavuni. Osla akaketi ghafla katikati ya neno.

Merran akainuka, akamwekea mapajani kitambaa cha mto, kitupu.

"Safari hii huna haja ya kusema asante, shoga," akamnong'oneza. "Kaburi hana tena. Amerudi kwa aliyemtoa."

Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. Mpaka njiani alikuwa bado anaisikia.

Kwaru. Kwaru.