Mchezaji wa Tano

Meza iligongwa kabla Mzee Alute hajamaliza kusoma swali.

"Mchungaji ana mbuzi na kuku," alikuwa anasoma, daftari kalishika mbali na macho. "Vichwa kumi na vinne, miguu arobaini. Mbuzi..."

Ko.

Akainua uso. "Nani kapata?"

Sheria yao ilikuwa rahisi: aliyepata jibu hugonga meza mara moja, wengine wananyamaza mpaka aseme. Walikuwa wanne. Mzee Alute mwenyewe, mtunza bohari mstaafu; Kitwana, fundi cherehani na mwenye nyumba; Anifa, mke wa Kitwana; na Mwalimu Dorika, binti kutoka Sepuka aliyefundisha hesabu shule ya msingi na kupanga chumba cha uani. Kila Jumamosi baada ya alasiri walikutana kwenye baraza ya nyumba ile, pale Singida mjini, wakinywa chai na kutegana mafumbo ya hesabu. Tangu mitumba ijae sokoni, cherehani ya Kitwana ilishinda imefunikwa kitambaa, na mchezo huu ndio uliombakizia kicheko.

Walitazamana. Mikono ya wote ilikuwa imeshika vikombe, ya Mzee Alute daftari.

"Ni mbao," Kitwana alisema. "Meza imekauka, inalia."

Meza hiyo aliinunua mnadani wiki ile, ushirika ulipokufa na vyombo vya bohari aliyoitunza Mzee Alute kuuzwa.

"Mbuzi sita, kuku wanane," Dorika alisema taratibu. Kisha akakunja uso. "Sikupiga hesabu. Limekuja tu."

Jibu lilikuwa sahihi. Wakacheka, wakaendelea.

Jumamosi ya pili meza iligongwa mara tatu, na kila mara jibu lilikuwa kwa Dorika. Mara ya mwisho swali lilikuwa halijaanza hata kusomwa. Ikaja pia harufu ya tope la ziwa la magadi lililo kando ya mji, kali, yenye chumvi, ingawa upepo siku hiyo ulikuwa unaelekea ziwani, hautoki huko. Anifa aliinama chini ya meza, akatazama, hakuona kitu, akainuka.

Jumamosi ya tatu Dorika aliomba kutega yeye.

"Watu wamekaa mezani," alisema. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye mafua. "Kila mmoja akitazama, anaona wenzake wanne. Wako wangapi?"

"Watano," Kitwana alijibu, akicheka. "Hilo la darasa la kwanza, Mwalimu."

"Mbona mmekaa kama mko wanne?"

Kicheko cha Kitwana kilikatika. Chini ya viganja vyao mbao zilikuwa za baridi, na kitu kilichokuwa upande wa pili wa mbao hizo kiligonga, pole pole, mara tano.

Mzee Alute alisimama. "Nisameheni," alinong'ona. "Meza hii ilikuwa kwenye chumba cha nyuma cha bohari. Walinzi walikataa kuikalia, walisema kuna mtu anawasahihisha wakihesabu magunia. Nikaona ni uvivu wao. Ulipoinunua, Kitwana, niliona aibu kukwambia."

Tangu jioni hiyo Dorika hakwenda tena kazini. Alijifungia chumbani, na Anifa alipopeleka uji asubuhi aliukuta wa jana mlangoni, umeganda. Siku ya nne Kitwana akavunja komeo, wakamkuta ameketi sakafuni, midomo imepasuka, kipande cha mkaa mkononi, na kuta zote nne, kuanzia chini mpaka pale mkono wa mtu unapoishia na kupita pale, hadi kwenye mabati ambako hakuna kiti wala ngazi iliyoweza kumfikisha, zilikuwa zimejaa tarakimu ndogo ndogo zilizobanana kama siafu, na harufu ya lile tope ilikuwa nzito kiasi kwamba Anifa alijifunga khanga puani, na huko barazani, ambako hakukuwa na mtu, meza ilikuwa inagonga bila kupumzika, naye kila ikigonga alikuwa anaandika.

"Mwalimu," Anifa alimwita. "Mwalimu wangu, ni mimi."

"Usinisumbue," Dorika alijibu bila kugeuka. "Nikikosea anaanza upya."

Kitwana alichukua shoka aivunje meza, lakini Mzee Alute akamzuia. Akapanda basi kwenda Kinyangiri, akarudi kesho yake mchana na Bi Mboni, mganga, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo Bibi," Anifa alimpokea.

"Marahaba. Mmeichoma meza?"

"Bado."

"Afadhali. Mngeichoma, mngemchoma naye."

Alifukiza ubani chumbani, akakaa uso kwa uso na Dorika. Nje jua lilikuwa utosini, lakini ndani ya chumba kile pumzi zao zilitoka na mvuke.

"Wewe nani?" Bi Mboni aliuliza.

"Mchezaji," sauti ilijibu kupitia midomo ya Dorika. Haikuwa sauti ya mwanamke.

"Unataka nini kwa mtoto wa watu?"

"Namtegea, anajibu. Wengine walikufa kabla ya swali la mwisho. Huyu kabakiza swali moja, kisha naondoka naye."

"Na wewe ukitegwa?"

Midomo ile ikatabasamu, damu ikachuruzika. "Hajazaliwa wa kunishinda."

"Basi apa," Bi Mboni alisema. "Utaulizwa swali moja. Ukisema uongo, hata wa neno moja, unamwachia binti huyu na kwenda zako."

Jini likaapa. Bi Mboni akageuka kuwatazama wenye nyumba. Yeye alijua majini, hesabu hakujua.

Kitwana alirudi nyuma hatua moja. Anifa ndiye aliyesogea. Katika mchezo wao alikuwa hagongi haraka. Mara nyingi alipata jibu wenzake wameshalisema. Lakini tangu juzi, akikoroga uji usioliwa, alikuwa anafikiri jambo moja tu.

"Nijibu kwa ndiyo au hapana," alisema. "Jibu utakalonipa sasa hivi, ni hapana?"

"Nd..." sauti ilianza, ikakatika.

Ikisema ndiyo, imesema jibu lake ni hapana, na imeongopa. Ikisema hapana, imekana kwamba jibu lake ni hapana, na hapana ndilo jibu ililotoa: imeongopa.

"Ha..." ikakatika tena.

Mkaa ulidondoka. Barazani meza ikanyamaza. Walisubiri, Bi Mboni akiwa ameshika mkono wa Dorika, mpaka ubani ukaisha chetezoni, na harufu ya tope ikapungua, ikapungua, ikatoweka. Dorika akaanguka ubavu, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe.

"Ameshindwa," Bi Mboni alisema.

Meza ilichomwa uani siku hiyo hiyo, kuta zikapakwa chokaa. Dorika alikunywa uji, siku ya tatu akala ugali, baada ya wiki mbili akarudi kufundisha. Kitwana alisema mchezo umekwisha, na hakuna aliyembishia.

Mwezi ulipopita, Anifa alikuwa anamsuka Dorika barazani, kichwa cha mwalimu kimelala magotini pake.

"Dada Anifa," Dorika alisema, "lile swali lako lilikuwa zuri."

Vidole vya Anifa vikasimama. "Nani amekusimulia? Tulikubaliana tusikwambie."

"Lakini Bibi alikosea. Alimwapisha asiongope. Hakumwapisha ajibu."

Upepo ulipita barazani, ukazungusha vumbi, ukaenda zake. Anifa alikumbuka: siku ile ya kiapo, Dorika alikuwa hajitambui.

"Hakuongopa," Dorika aliendelea, kwa upole, kama anayemwelekeza mwanafunzi. "Alinyamaza tu."

"Mwalimu," Anifa alinong'ona. "Ameondoka?"

Dorika aliinua kichwa, akageuka na kumtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, mdomo ameufumba, na hakusema ndiyo wala hapana.