Majoho Yaliyoandikwa Mapema

Kila jioni, mama akishafunika vyerehani vyake, binti yake alifungua daftari na kuuliza, "Leo kimeingia nini?" Mama alimwita Karani, kwa utani, ingawa fahari yake haikujificha. Mapato yaliandikwa kushoto, matumizi kulia. Fedha za kodi ya chumba zilitumbukizwa kwenye kibubu kilichopigiliwa misumari chini ya meza ya kukatia, na hakikuvunjwa mpaka siku ya kulipa. Kabla ya hapo, kilichomo kilijulikana kwa daftari tu.

Kisha ikaja kazi ya majoho ya kwaya. Mama alishona hadi mgongo ukamkataa. Kiongozi wa kwaya akayabeba yote akisema, "Mungu akubariki, fundi. Jumapili tunachanga, Jumatatu hela unayo."

Siku hiyohiyo Karani aliandika bei nzima upande wa mapato. Kazi si imekwisha? Tena alipenda kuona jumla imenona.

"Kodi imetimia?" mama aliuliza.

"Imetimia, na nyingine inabaki."

Basi mama akaacha kutumbukiza. Kila alichopata baada ya hapo alinunulia vitambaa. Jumatatu zikapita, kwaya kimya.

Siku ya kodi, mwenye nyumba aliketi kwenye benchi la wateja. Mama alivunja kibubu kwa nyundo, akahesabu, akahesabu tena. Hata nusu haikufika.

"Soma daftari," alisema.

Karani alisoma. Alipofika kwenye majoho, mama alimkatiza.

"Hizi walileta lini?"

"Hawajaleta, mama. Lakini majoho walishachukua."

Mama hakumgombeza. Heri angemgombeza.

"Hatujagombana, fundi," mwenye nyumba alisema. "Ila mimi silipwi kwa ahadi ya kwaya. Nitarudi jioni."

Kufikia jioni, mashine ya ovaloki, ile ya kuziba kingo za nguo, ilikuwa imeuzwa kwa bei ya kutupa kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Kodi ikalipwa. Karani alilia kwa uchungu, na machozi hayakurudisha kitu.

Kwaya ililipa baada ya miezi miwili. "Si nilikwambia tutalipa?" kiongozi alisema, akicheka. Mama hakucheka. Alihesabu noti, kisha akamsogezea binti yake kalamu.

"Sasa ndiyo uandike, mwanangu, kwa tarehe ya leo. Wanaodaiwa waandike ukurasa wa nyuma, tuwafuate. Huku mbele iingie hela iliyofika mkononi, na itoke iliyotoka mkononi. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema ni fedha."

Karani aliandika. Kisha akauliza kama sasa wangeweza kuinunua tena mashine yao.

"Nimeshamuuliza. Hauzi," mama alisema. "Kaa hapa, nikuonyeshe kuziba kingo kwa mkono."

Karani alitunga uzi kwenye sindano. Ng'ambo ya barabara, mashine yao ilikuwa ikinguruma.