Esteri na Jeli ya Daktari

Chu... chu... chu... Maji yalidondoka ndani ya beseni gizani, jogoo hajawika bado. Esteri, msichana wa miaka kumi na mmoja, alikuwa akiosha jeli ya daktari kwenye kidonda cha mguu wake. Alipomaliza, akapaka mafuta ya mgando mahali pake.

"Esteri, unafanya nini huko?" mama yake, Theodosia, aliuliza kutoka chumbani.

"Nanawa uso, Mama."

Mama hakuridhika na jibu hilo.

Mguu huo uliunguzwa na mawese ya moto. Daktari Rabia, anayekuja Kibondo kila Alhamisi akitokea Kasulu, aliupaka jeli mpya iliyokuwa ikifanyiwa majaribio. Ndani yake mlikuwa na chembechembe ndogo mno. Vijidudu vikiingia kidondani, chembechembe hizo huwaka rangi ya machungwa zikimulikwa kwa taa maalumu. Lakini jana yake, shuleni, mwanafunzi mwenzake Niyubahwe alimcheka.

"Wee! Hilo ni jicho wamekupaka. Huko Kasulu wanawaona hadi mnavyomeza ugali!"

Tangu hapo Esteri hakuiamini tena jeli ile.

"Mwakeye, Mama Esteri," Daktari Rabia alisalimu zahanatini asubuhi hiyo ya Alhamisi, kwa Kiha chenye lafudhi ya Tanga. Akafunga mapazia, akamulika kidonda. Hakuna kilichowaka. "Jeli hujaitoa, Esteri?"

"Sijaitoa."

"Basi kidonda ni safi. Hakuna haja ya dawa, nendeni nyumbani."

Esteri angefurahi, ila mguu ulikuwa ukipwita tangu juzi. Mama naye alimkazia macho.

"Mwanangu, uso gani huo unaonawa robo saa nzima?"

Machozi yakamtoka Esteri. "Niliiosha, Daktari. Hayo ni mafuta ya mgando tu."

Daktari Rabia alisafisha kidonda, akapaka jeli upya, wakangoja. Taa ilipowashwa tena, ukingo mmoja wa kidonda uliwaka kama kaa la moto. Vijidudu! Esteri akaandikiwa dawa, na baada ya wiki mbili kidonda kilifunga.

"Kuwa na shaka si kosa," Daktari Rabia alimwambia siku hiyo. "Hata mimi naishuku dawa mpya, ndiyo maana naipima. Kosa ni kuificha shaka yako na kunidanganya. Uongo ule ungekula mguu wako. Mwenye shaka huuliza."

Esteri alikinyoshea kidole kikopo cha jeli mezani.

"Daktari, nina swali."