Mlio wa Pili

Maiti haikuwepo, na hilo ndilo lililomkera Verna Kubena. Jeraha aliliona, aliyejeruhiwa hakumwona.

Ilikuwa Jumatano asubuhi mjini Tyler, Texas, katika ofisi ya mawakili wa kampuni ya Brisaline. Verna, mkaguzi wa misimbo ya kompyuta, alikuwa amefungiwa katika chumba kisicho na dirisha wala intaneti. Simu yake imeachwa mapokezi kama viatu vya msikitini. Mbele yake, kompyuta yenye msimbo wa kidhibiti joto cha Brisaline, kile kinachoamuru kiyoyozi kiwake au kizime. Jaji alikuwa amemruhusu kuingiza humo programu ya akili mnemba, imsaidie kusoma mistari ambayo macho matupu yangeimaliza wajukuu wakiwa na mvi.

Aliiuliza: kuna mahali ambapo kifaa, mlango ukifunguliwa, kinangoja kwanza, kinapima joto linavyoingia, ndipo kinaamua kuwasha?

Hakuna, ikajibu.

Huo ndio uliokuwa uvumbuzi wa Huey Batiste, fundi viyoyozi wa Beaumont, na hataza, hati ya kuulinda uvumbuzi huo, ilikuwa kwa jina lake. Aliishtaki Brisaline kwa kumwibia, na Verna alikuwa mkaguzi wa upande wake. Ikibaki "hakuna" mpaka Ijumaa, jaji anaifuta kesi, na mzee anarudi nyumbani akiitwa mzushi.

Lakini programu iliongeza neno: sehemu moja ya msimbo hupokea kipimo cha mlango, kisha haikitumii. Verna hakulimeza tu. Programu hizi alizijua. Zikitaka kudanganya, hudanganya kwa adabu. Akaifuata mistari yenyewe kwa kidole. Kweli. Ni kama mpishi anayeletewa chumvi kila siku, naye anaiweka dirishani. Nani huagiza chumvi asiyoipikia? Chungu kilikuwepo. Mtu kakibeba.

Mlango ukafunguka, joto la ukumbini likaingia. Kidhibiti cha Brisaline kilichotundikwa ukutani kikatulia kidogo, kikalia: tak. Kisha tena: tak.

"Kidude hicho kitanitia wazimu," Verna alisema.

"Wewe una siku tatu nacho, mimi miaka miwili," alijibu Dessie Lujan, mlinzi wa chumba, mwenye funguo.

"Dessie, nani hugusa kompyuta hii nikiondoka?"

"Ahaa! Leo mwizi ni mimi?"

"Mwizi sijui. Mwenye funguo ni wewe."

"Funguo ninazo, nywila sina. Mimi hata mashine ya kufulia naogopa kuibonyeza, Bi Verna!"

"Na Bwana Ashworth?" Huyo alikuwa wakili wa Brisaline.

"Ilikuja kutoka Houston na lakiri. Mlikata wote pamoja, wewe na yeye. Umesahau?"

Hakuwa amesahau, alitaka kusikia. Basi chungu kilibebwa kabla ya lakiri, kulekule Houston kwa Brisaline wenyewe. Lakini dhana si ushahidi.

Nje, kwenye kiti kando ya mlango, Mzee Huey alikuwa akila kolache, mkate laini wenye soseji ndani. Amri ya mahakama ilimkataza mvumbuzi kuona msimbo wa washindani wake, kwa hiyo kila siku alikaa hapo kama mchumba aliyenyimwa kuingia ndani.

"Binti," alimwita Verna, kakunja uso, "hicho kinacholia mara mbili ni nini?"

"Ni kidhibiti chao, mzee wangu."

"Mlio wa pili niliuweka mimi!" Makombo yalimruka. "Kelele za kompresa za viyoyozi zimeniua masikio. Nikiwa darini naunga nyaya, mlio mmoja hunipita. Nikaongeza wa pili. Hauna kazi nyingine duniani! Kifaa cha mfano niliwapa Brisaline wakijaribu. Kijana wao, Pettus, alikaa nacho karakanani kwangu mwezi mzima. Nimemlisha mchuzi wa gumbo, yule!"

Verna akarudi ndani mbio. Akaiuliza programu: ni wapi swichi inaamriwa kulia mara mbili?

Hakuna.

Akapekua mwenyewe hadi njaa ikamkumbusha kuwa ana tumbo. Hakuna. Safari hii neno hilo lilikuwa tamu kuliko chai ya Texas.

Alhamisi, saa nane mchana, chumba kilijaa. Nolan Pettus, sasa mhandisi mkuu wa Brisaline, aliapa mbele ya mwandishi wa mahakama. Ashworth aliketi kando yake akiichezea kalamu.

"Bwana Pettus, msimbo uliotuletea ni wote?" Verna aliuliza.

"Wote. Kila toleo tulilowahi kuuza."

"Hata la kile cha ukutani?"

"Hasa kile. Nilikifunga kwa mkono wangu."

"Na programu yangu, imesoma sawasawa?"

Pettus akacheka. "Mama, huyo ndiye shahidi wenu pekee mwenye akili. Kasema hakuna, hakuna."

"Dessie, dada, hebu fungua mlango."

Joto likaingia. Watu wakatulia, na kidhibiti nacho kikatulia. Tak. Kisha: tak.

"Mlio wa pili ni wa nini?"

"Unalinda kompresa," Pettus alijibu upesi.

"Vizuri. Nionyeshe mstari."

Pettus akavuta kibodi. Akatafuta. Akatafuta tena. Kalamu ya Ashworth ikasimama.

"Nolan," wakili alisema taratibu, "mwonyeshe mstari."

"Mwambieni ni wa masikio yangu!" sauti ikapaa kutoka ukumbini.

Pettus akaiacha kibodi. "Picha yangu iko mlangoni pa kampuni," alisema. "Imeandikwa 'Mvumbuzi'. Kesi ilipokuja, ningewaambia nini? Nikafuta sehemu ile, nikaandika nyingine badala yake. Mlio nao ukaenda. Kwenye vifaa sikuwahi kuuondoa... sikujua kazi yake. Niliogopa kuharibu."

"Ukaiacha chumvi dirishani," Verna alisema. Pettus hakuelewa, naye hakumfafanulia.

Ashworth alisimama, uso kama karatasi. "Nampigia jaji sasa hivi. Kiapo changu cha uwakili kilitangulia mteja huyu. Dessie, zima kompyuta hiyo, mkaribishe mzee."

Huey aliingia akipangusa vidole. Alimpita Pettus, akaenda hadi ukutani, akakigusa kile kidude kama mtu anayempima mtoto urefu.

"Umekua," alikiambia. Kisha akageuka, mkono sikioni. "Dessie, mwanangu, ufungue tena huo mlango. Mlio wa kwanza ulinipita."