Aliyepanda Baiskeli ya Alvar

Haya yalimpata shemeji yangu Alvar, mume wa dada yangu Tyra, na anayebisha na aje gereji kwangu Eksjö aniambie usoni. Mji wetu ni wa nyumba kongwe za mbao, vichochoro vyake vyembamba hata ng'ombe wawili hawapishani, na katika mji huo wote hakuna fundi baiskeli wa kunifikia mimi, Evert. Sisemi kwa majivuno. Nasema kwa sababu yule mwingine alihama. Shule niliiaga mapema, walimu wakashukuru, nami nikashukuru. Lakini nipe gurudumu nimefumba macho, nitalizungusha mara moja na kukuambia kama mwenye nalo ni mnene, ni mwembamba, au anamdanganya mkewe.

Alvar na Tyra wanakaa Klinthult, nje ya mji, kwenye njia ya changarawe iliyopita katikati ya misonobari, ziwa upande huu, malisho upande ule. Gari ni nadra. Kiangazi Wajerumani na Wadenishi huja kuiendesha njia hiyo hadi mjini, na wakifika kwangu husema wameona amani ya ajabu. Mimi huwaitikia. Mwenyekiti wa kamati ya njia alikuwa Alvar, na uenyekiti ulimlevya. Alipigilia vibao vya mishale kila njia panda. Akayapaka mageti rangi nyekundu. Kisha akaona kona ya ziwani inafaa kuwekwa benchi, wapanda baiskeli wapumzike wakitazama maji.

Shida ni kwamba pale kwenye kona palikuwa na rundo la vijiti.

Rundo hilo nililikuta, na baba yangu alilikuta. Ukipita hapo unaokota kijiti, unatupa, unakwenda zako. Huulizi, kama vile huulizi kwa nini unafuta viatu mlangoni. Hata kasisi alikuwa akitupa, ila yeye alijifanya anapangusa koti. Alvar akasema ni takataka, wageni watatuonaje. Na kwa kuwa mkesha wa Valborg ulikuwa umekaribia, siku tunayowasha moto mkubwa kuifukuza baridi, akalikokota rundo lote kwa trekta hadi uwanjani. Vijiti vile vilishika moto kama vimemwagiwa petroli. Tukaimba, tukala soseji. Tyra peke yake alisema moto ule unanuka nywele.

Haukupita muda Alvar akaniletea baiskeli. Alilalamika kwamba imekuwa nzito. Kutoka nyumbani hadi kona ya ziwani anateleza tu. Akishaipita kona, ni kama anakokota jiwe la kusagia. Nikamtania kwamba uenyekiti unanenepesha. Nikafungua gololi, nikapaka grisi, nikabadilisha cheni. Nikalizungusha gurudumu la nyuma, nikaenda kumimina kahawa, nikarudi nikalikuta bado linazunguka. Nikaiendesha mwenyewe hadi sokoni na kurudi. Nyepesi.

Akaja tena. Safari hii spoku za nyuma zilikuwa zimekatika, na tairi nililomfungia kwa mikono yangu limelika hadi nyuzi, kama la mtu anayebeba saruji. Nikamuuliza amebeba nini. Akajibu hajabeba kitu. Alipojibu hakunitazama.

Nikamshauri aiache baiskeli, atembee kwa miguu. Akaiacha, na uzito ukahama kutoka kwenye keria ukaja mgongoni mwake. Ngazi za nyumbani akawa anazipanda kwa kutambaa. Daktari akampima moyo, akamsifu kwa moyo mzuri. Tyra akawa anatoboa matundu mapya kwenye mkanda wa suruali wa mumewe, kwa msumari, kila ulipozidi kumlegea. Mwisho Alvar akaona afadhali magurudumu. Alipoirudia baiskeli, mzigo nao ukarudi kwenye keria, kama abiria aliyechagua kiti kizuri zaidi.

Siku moja Tyra akaja gereji. Dada yangu si mtu wa kulia. Baba yetu alipofariki, yeye alioka mikate. Aliishika meza yangu kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ndogo:

"Kaka, nisaidie. Huyu mtu anakufa namwona."

Akaniambia amejaribu kulirudisha rundo. Kila siku anakwenda kutupa vijiti pale konani, na kila akirudi anavikuta vimesambaa barabarani, vimevunjwavunjwa, kama chakula kilichosukumwa na mtoto asiyekitaka.

Tukaenda kwa Dagny, jirani yao, mwanamke mwenye ulimi wa wembe ambaye enzi zake aliendesha farasi wa kuvuta magogo. Aliposikia rundo lilikoishia, aliweka kikombe chini. Akatusimulia habari za kijakazi wa zamani aliyefukuzwa kazini wakati wa baridi kali, bila viatu, akaifuata njia ya mjini. Sleji za farasi, magari ya kuteleza juu ya theluji, zilimpita zikitoka kanisani, moja baada ya nyingine, akizipungia mkono. Hakuna iliyosimama. Walimkuta konani ameketi, mkono bado uko juu.

"Akiwa hai walimnyima lifti," Dagny akasema. "Akiwa maiti wakampa vijiti. Hivyo ndivyo vilivyokuwa blanketi lake. Mwenyekiti wenu amemfunua."

Akatueleza pia walichokuwa wakifanya wavuta magogo, farasi anapogoma kuvuta sleji tupu. Unachungulia katika duara la hatamu yake, unamwona aliyepanda. Nikamwambia baiskeli haina hatamu.

"Na unajiita fundi," akasema.

Tulikwenda konani mchana, mkesha wa sikukuu ya kiangazi. Jua kali. Klinthult yote ilikuwa uwanjani ikiuvisha mlingoti maua, na njia ilikuwa yetu watatu peke yetu. Alvar mbele, Tyra nyuma yake, mimi wa mwisho. Vipepeo. Harufu ya majani yaliyokatwa. Nikaanza kufikiri kwamba tunajitisha bure.

Tukaipita kona.

Tairi la nyuma la Alvar likabonyea. Asubuhi ile nilikuwa nimelijaza upepo mwenyewe, gumu kama jiwe. Likabonyea hadi rimu ikagusa changarawe. Alvar akasimama, miguu chini, kifua kikipanda na kushuka. Nikashuka. Nikaenda mbele ya baiskeli yake, pale waya wa breki unapojikunja duara juu ya taa. Nikainama. Nikaweka jicho.

Niliona mgongo.

Mgongo wa mwanamke, umeegemea mgongo wa Alvar. Amekaa kinyume, anatazama tulikotoka. Nywele zina barafu. Nimesema ilikuwa kiangazi. Miguu mitupu, vidole vinaburuza chini. Nikatoa jicho kwenye duara, nikatazama barabarani. Hakuna mtu. Mistari miwili tu, vumbini, kuanzia kona hadi hapo. Nikarudisha jicho.

Alikuwa ameanza kugeuka.

Mimi niliyewahi kumfukuza dubu kwa pampu ya baiskeli, nilianguka makalio chini. Tyra akanitazama.

"Yupo?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

Dada yangu hakupiga kelele. Aliisogeza baiskeli yake ikagusana na ya mumewe. Akaipigapiga keria yake kwa kiganja, vile unavyomkaribisha mgeni aketi. Akanong'ona:

"Mwache huyu, tafadhali. Panda kwangu. Nitakufikisha utakako."

Alvar alimshika mkono, akamsihi asifanye hivyo, akamwambia afadhali afe yeye. Nami nilitaka kumkataza Tyra asiseme "utakako", ataje kanisa, ataje makaburi, ataje mahali palipo na mwisho. Nikachelewa.

Tairi la Alvar likainuka. Taratibu. La Tyra likashuka.

Akaondoka. Nilidhani atakokota, kama alivyokokota mumewe. Alikwenda kama upepo. Tukapanda, tukamfuata, tukikanyaga kwa nguvu zetu zote, Alvar akiliita jina lake. Kwenye mteremko wa malisho nikamwona vizuri. Miguu ya Tyra haikuwa kwenye pedali. Pedali zilikuwa zikizunguka zenyewe.

Tukampoteza penye nyumba za kwanza za mji. Vichochoro vilikuwa vitupu, watu wote wamekwenda kucheza ngoma. Tukapita ua huu, ua ule, tukiita. Madirisha yamefungwa. Sauti zetu zilikuwa zikiturudia kutoka kwenye kuta za mbao, na mara moja, naapa, ilirudi sauti ambayo haikuwa yetu. Alvar aliingia kila mlango uliokuwa wazi. Aliingia hadi kwenye banda la kuku. Alikuwa mwepesi sasa, ana afya, anakimbia kama kijana, na sijawahi kumwona mtu anayeuchukia wepesi wake namna ile.

Tulimkuta Tyra kwenye ukuta wa makaburi ya kanisa. Baiskeli yake imelala, gurudumu la nyuma limepinda kama yai. Yeye ameketi kwenye kipandio cha jiwe, mikono mapajani, anatabasamu.

"Ameshuka," akasema.

Alvar akamkumbatia, akalia hadi akakohoa. Nami nilifuta machozi, siwezi kukataa.

Kwa kuwa baiskeli ya Tyra haikuweza kutembea, nilimwambia apande kwangu nimrudishe. Nikakanyaga, nikadhani bado hajapanda. Nikageuka. Alikuwa amepanda. Amekaa kinyume, mgongo wake kwenye mgongo wangu. Nikatazama chini. Tairi lilikuwa duara kamili, halijabonyea hata unene wa unyoya.

Nikamuuliza kama yu mzima.

"Twende nyumbani," akasema. "Kwenu kuna joto."

Kwenu.

Sikuchungulia kwenye waya wa breki. Niite mwoga, sawa. Nilitazama mbele njia nzima.

Tangu hapo Alvar amenenepa. Benchi lipo, wageni wanapumzika, wanapiga picha za ziwa. Tyra anapika, anafua, anasalimia majirani. Huketi karibu na jiko la kuni, naye hulichochea hata kwenye joto la Julai. Mimi haniiti kaka tena. Haniiti chochote. Dagny alikuja mara moja, akasimama uani, akarudi kwake bila kubisha hodi.

Mlangoni mwa jikoni lao pana ubao wa sakafu unaolia hata paka akiukanyaga. Tyra akipita, kimya. Alvar amegundua, nami nimegundua, na hatujaambiana.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunakunywa kahawa watatu. Mlango ulikuwa wazi, jua limeingia hadi katikati ya sakafu. Ubao ukalia. Polepole, kama mtu aliyechoka anahamisha mguu. Tyra hakuinua kichwa. Alvar aliinuka, akavuta kiti cha nne, akakielekeza mlangoni.

"Ingia," akanong'ona. "Ingia, mke wangu."

Hakuna aliyekaa. Tulisubiri hadi kahawa ikapoa.

Wakati wa kuondoka niliinama mlangoni. Juu ya ubao palikuwa na nyayo mbili za miguu mitupu, za vumbi la changarawe, zimeelekea ndani. Wa kushoto haukuwa na kidole kidogo. Kidole hicho cha Tyra kililiwa na cheni ya baiskeli tukiwa watoto. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa.

Nikageuka kuelekea jikoni. Dada yangu alikuwa amevua soksi, ameinyoosha miguu kwenye moto.

Vidole vilikuwa kumi.