Tarumbeta Gizani

Haya yalimpata shoga yangu, fundi cherehani, na yeye si mtu wa kutunga maneno. Bendi ya mtaani kwetu ameifuata tangu hajaolewa. Sasa ana wajukuu, na mashati ya wanamuziki anayashona yeye.

Jioni moja aliyapeleka ukumbini. Umeme ulikuwa umekatika, mapazia yamefungwa, ndani giza totoro. Jukwaani tarumbeta lilikuwa linalia, tamu, vilevile Mzee Pumzi, mpiga tarumbeta wa bendi, alivyolipuliza ujanani, kabla meno ya mbele hayajamtoka.

Shoga yangu akaingiwa na wasiwasi. Ingekuwa redio, umeme uko wapi? Na mpulizo ule aliujua kama kikohozi cha mumewe.

"Nani huyo?"

Tarumbeta liliendelea kulia, likisogea taratibu upande wake.

Mara mlango wa nyuma yake ukafunguka. Alikuwa Mzee Pumzi mwenyewe, tochi mkononi.

"Dada, umekuja na nani? Nani anachezea tarumbeta langu?"

Sauti ikakatika ghafla. Mzee akamulika jukwaani: hapakuwa na mtu, na kiti anachoachia tarumbeta kilikuwa kitupu. Akateremsha tochi polepole. Tarumbeta lilikuwa chini, miguuni pa shoga yangu, bado linachuruzika mate.