Kurasa Zisizo na Maneno

"Umeshakimaliza kitabu?" Mchoraji aliuliza kwenye simu. "Chote?"

"Chote, mpenzi. Nimekisoma hapa kwenye korido, kabla sijaingia mahakamani. Kizuri. Hivi ile taa ya sebuleni utakuja kuifunga lini?"

"Huna la kuniambia zaidi ya taa?"

"Niseme nini tena? Nimeshasema kizuri."

"Sawa, Mheshimiwa. Nimekuelewa." Akakata.

Wakili akabaki anaikodolea simu macho kana kwamba ni shahidi aliyemgeuka kizimbani.

Mpenzi wake alichora mabango ya maduka, lakini roho yake ilikuwa kwenye hadithi za katuni. Miaka yote alimsihi mwanamke huyu asome hata moja. Yeye, aliyezoea kusoma mikataba mpaka nukta ya mwisho, alijibu kwamba katuni ni za watoto. Safari hii alikubali kwa sababu jamaa alimchorea kitabu kizima, yeye peke yake.

Jioni akamwandikia: "Hupokei simu. Una mwanamke mwingine?"

Jibu likaja: "Sina. Umeshanijibu. Niache nijiuguze."

"Nimejibu nini mimi jamani?" Wakili akaangua kilio.

Asubuhi, akiwa anapiga mswaki, kigelegele kikapasua nyumba. Alitoka mbio, povu mdomoni. Mama yake alikuwa mezani na kile kitabu.

"Mama, kuna nini?"

"Unaniuliza mimi? Umeposwa, mwanangu, na wewe unapiga mswaki!"

"Nimeposwa na nani?"

"Na mchoraji wako! Huyu si wewe, na pua hiyo ya baba yako? Hapa anakungoja nje ya mahakama, mvua inamnyeshea. Na hapa kapiga goti, pete mkononi!"

"Lakini hizo kurasa hazina maneno! Nilizipita, nikajua ni mapambo."

"Mapambo!" Mama akapiga makofi. "Miwani yangu imevunjika, sijasoma hata neno moja, na hadithi nimeipata yote. Kaa hapa. Usikimbilie maneno. Tazama nyuso kwanza, mmoja mmoja. Ukishajua nani analia, ndipo usome anasema nini."

Wakili akakaa. Akafungua taratibu. Katika picha moja alijiona amelala juu ya mafaili, siku ile aliyoshindwa kesi kubwa. Mchoraji amepiga magoti miguuni pake, anamvua viatu polepole asimwamshe.

Siku ile alidhani alivivua mwenyewe.

"Mama," alisema, "nipe funguo za gari."

Alimkuta juu ya ngazi, anaandika bango la bucha.

"Shuka!"

"Nina kazi, Mheshimiwa."

"Sikukukataa! Nilisoma maneno tu!"

Brashi ikasimama hewani. "Maneno yapo kurasa za mwanzo tu."

"Ndiyo maana nilimaliza upesi!"

Mwenye bucha alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Na sasa umetazama zote?" Mchoraji aliuliza, bado hageuki.

"Zote. Ile ya viatu nimeirudia mpaka Mama akaninyang'anya. Ila pua umenikuzia."

"Nimechora ninachokiona."

"Basi kizoee, maana utakiona kila asubuhi. Ndiyo. Nimekubali. Au nikuchoree?"

Mchoraji akageuka kwa pupa, mguu ukakosa kidato, akatua chini na kopo la rangi nyekundu. Wakili akapiga yowe, akamrukia, akampapasa kichwa na mabega.

"Umeumia?"

"Sijui. Rudia kwanza."

"Nimekubali, wewe!"

Wakakumbatiana palepale, suti ya mahakamani ikageuka nyekundu.

Mwenye bucha akatazama juu. Bango lake lilikuwa limeishia kwenye "NYA".

"Hongereni sana," akasema. "Sasa hii nyama yangu nani anaimalizia?"

"Kesho!" wakajibu wote wawili.